Fela Sowande: Mtu wa Kinanda, wa Okestra na wa Redio

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Machakos)



Halmashauri iliniagiza nisome maneno machache juu ya muziki, kwa sababu mwaka huu wanachama wamebishana sana habari ya fedha zilizotengwa kwa ajili ya kwaya yetu. Wako wanaotaka zinunuliwe tarumbeta na ngoma kubwa za bendi, ili tupate kupendeza siku za sherehe. Wako wengine wasemao kwamba afadhali fedha hizo zitumike kuandika na kunasa nyimbo za wazee, kabla wenye nyimbo hawajatutoka. Mimi ni karani, wala si mwamuzi. Lakini nimeona heri nisianze na habari zetu wenyewe, maana tukianza nazo tutagombana kabla ya chai. Nitawasimulieni kwanza habari za mtu wa mbali, ambaye mashauri yote mawili yalikutana katika maisha yake.

Mtu huyo aliitwa Fela Sowande, Mnaijeria wa kabila la Wayoruba. Huenda mtu akauliza, kwa nini Mnaijeria, nasi tuko Ukambani? Jibu langu ni hili. Afrika ya Mashariki imepata waalimu hodari wa kwaya, wapiga gitaa wa kusifiwa, na watangazaji ambao sauti zao zilijulikana katika kila nyumba. Lakini nikimtafuta Mwafrika mmoja aliyeongoza wapigaji, akatunga muziki wa okestra kubwa, tena akashika kazi ya redio ya taifa lake, sioni mfano ulio wazi kuliko Sowande. Na mambo yaliyomsumbua yeye ndiyo yanayotusumbua sisi.

Alizaliwa mwaka wa 1905. Baba yake, Emmanuel Sowande, alikuwa padre wa Kanglikana, na mmoja wa watu wa kwanza katika nchi ile waliotia bidii katika muziki wa kanisa kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo mtoto alikua katikati ya zaburi na nyimbo za Kiyoruba. Alisoma Lagos, katika shule ya sekondari ya misheni ya C.M.S. na katika King's College, na kanisani aliimba katika kwaya ya watoto ya Kanisa Kuu chini ya mwalimu Ekundayo Phillips. Mzee Phillips alikuwa Mwafrika aliyejifunza kinanda Uingereza akarudi kwao, naye aliliongoza kundi la waimbaji wa Kanisa Kuu kwa miaka karibu hamsini. Naomba jina hilo lishikwe. Mara nyingi tunasifu mti tukamsahau aliyeumwagilia maji, na bila Phillips nadhani pasingekuwa na Sowande.

Lakini kijana huyu hakukaa kanisani tu. Santuri na redio zilimletea jazi ya Wamarekani Weusi, hasa ya Duke Ellington, naye akapendezwa nayo mno. Katika mwaka wa 1934 akapanda meli kwenda London, na neno alilowaaga nalo watu wa kwao lilikuwa kwamba anakwenda kusoma uhandisi wa barabara na madaraja. Wazazi waliomo humu ukumbini wanaijua safari ya namna hiyo. Mtoto hupelekwa kusomea kazi ya mshahara, na barua ya tatu inapofika husikia habari nyingine kabisa. Sowande alijilisha kwa kupiga piano katika majumba ya dansi, akaunda kundi lake la jazi, akaliongoza mwenyewe. Katika mwaka wa 1936 alikuwa mpiga piano wa mbele katika ule utungo mashuhuri wa Gershwin uitwao Rhapsody in Blue. Miaka mitatu baadaye alipiga kinanda katika santuri za mwimbaji wa Kimarekani Adelaide Hall. Madaraja hayakupata kujengwa.

Wazee wasidhani ya kuwa alipotea. Usiku alipiga dansi, na mchana alisoma muziki kwa ukali sana. Alijifunza kinanda kile kikubwa cha kanisani chenye mabomba, ambacho mpigaji hukitumia kwa mikono yote miwili na kwa miguu pia, na katika mwaka wa 1943 akapata cheti cha juu cha Chuo cha Kifalme cha Wapiga Kinanda cha Uingereza. Mtihani ule haukuwa wa kubembelezana. Mtu huwekewa mbele karatasi ya muziki asioujua, naye hana budi kuupiga palepale, tena kuuhamisha sauti juu au chini kama aambiwavyo. Tangu mwaka wa 1945 hadi 1952 alikuwa mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya katika Kingsway Hall, jumba la ibada la Wamethodisti katikati ya London. Wale Waingereza waliokuja kusali kila Jumapili waliongozwa katika nyimbo zao na Mwafrika, nao hawakuona ajabu, kwa kuwa kazi ilikuwa safi.

Sasa nafika wakati wa vita, na hapa naomba niende polepole. Serikali ya Uingereza ilikuwa na idara ya kutengeneza senema za kuonyeshwa katika makoloni. Senema hizo zilihitaji muziki, na Sowande akawekwa kuwa msimamizi wa muziki katika idara hiyo. Pia alisema na kupiga muziki katika redio ya B.B.C. kwa wasikilizaji wa Afrika. Ndipo alipolazimika kujiuliza swali ambalo mpiga dansi hahitaji kujiuliza. Picha ikimwonyesha mkulima wa Afrika shambani kwake, chini yake uwekwe muziki gani? Ukiweka dansi ya London, ni uongo. Ukiweka ngoma ya kwanza uipatayo, ya watu wasio wa mahali pale, ni uongo vilevile, tena mbaya zaidi, kwa sababu unafanana na kweli.

Katika kazi hiyo akakusanya tuni nyingi za Afrika ya Magharibi, na mwaka wa 1944 akatunga African Suite, yaani mfuatano wa vipande vitano kwa ajili ya fidla kubwa na ndogo pamoja na kinubi. Hakuingiza ngoma hata moja. Wanachama wengine watasema, basi si muziki wa Kiafrika. Nami nilidhani swali hilo ni la haki, hata niliposikiliza. Fidla zenyewe zimepewa kazi ya ngoma. Wengine huvuta sauti ndefu, na wengine hudonoa nyuzi kwa vidole, kishindo juu ya kishindo, hata mguu wa msikilizaji unaanza kutikisika bila ruhusa. Kipande cha kwanza kimejengwa juu ya wimbo wa Ephraim Amu, mtungaji mkubwa wa Ghana, kwa hiyo Mnaijeria alikopa kwa Mghana wala hakuona haya. Kipande cha nne ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Cha tano, kiitwacho Akinla, kina mwendo wa dansi ya pwani ya Afrika ya Magharibi.

Kipande hicho cha tano kilipata bahati yake peke yake. Huko Kanada palikuwa na kipindi cha redio cha santuri kilichoongozwa na Bwana Clyde Gilmour, kilichoanza mwaka wa 1956 kikaendelea hadi 1997, na muziki wa kukifungulia ulikuwa Akinla. Kwa miaka arobaini na mmoja Wakanada katika baridi yao walisikia tuni ya Mwafrika kila juma. Nadhani wengi wao hawakujua ni ya nani. Neno hilo nitalirudia.

Mwaka wa 1953 Sowande aliacha London akarudi Lagos, kuwa mkuu wa muziki katika idara ya utangazaji ya Naijeria. Wako waandishi wanaoupita upesi wakati huu, kana kwamba mtu aliyepigiwa makofi London alirudi nyumbani kukaa mezani. Mimi kwa maoni yangu naona kwamba hapo ndipo kazi yake kubwa ilipo. Mkuu wa muziki katika redio ndiye anayeamua nini kisikiwe na nchi nzima, na nini kinyamaziwe. Kinachosikiwa kila juma huwa ni cha heshima, na kisichosikiwa kabisa watoto huanza kukionea haya.

Sowande alileta redioni kinanda cha kanisa, lakini pia alitafuta nyimbo, hadithi na mapokeo ya Wayoruba kutoka kwa wenyewe, akayapa nafasi hewani. Wakati huohuo alitunga vipande vya kinanda juu ya tuni za Kiyoruba zilizokuwa zikiimbwa makanisani. Na hapa ndipo alipogusa kidonda. Wako Wakristo waliouona wimbo wa kale kuwa wa shetani, na wako wapenda mila waliokiona kinanda kuwa cha Mzungu. Yeye, padre kwa baba yake na mpiga kinanda kwa kazi yake, alikataa ukuta huo pande zote mbili. Alifundisha kwamba muziki haufai kutengwa kwa rangi za watu, na kwamba Mwafrika ana ruhusa ya kuchukua chombo chochote duniani, mradi asiache chake mlangoni.

Wazee wetu, jambo hili si geni kwetu. Misheni ya African Inland iliingia Ukambani mwaka wa 1895, na kituo chake cha kwanza kikawa Nzaui. Ilituletea vitabu, shule na dawa, na mimi mwenyewe nimelishwa na shule ya misheni tangu darasa la kwanza hata sekondari, kwa hiyo siwezi kusimama hapa kuitukana. Lakini muumini alikatazwa ngoma. Kilumi ya akina mama wazee, mbeni ya vijana, zote ziliwekwa katika fungu moja la dhambi, wala hakuna aliyekaa chini kutenganisha lililo la ibada ya kale na lililo furaha tu ya watu baada ya mavuno. Matokeo yake yako mbele yetu. Waliojua kuandika hawakuhudhuria ngoma, na waliohudhuria ngoma hawakujua kuandika. Kwa hiyo tumebaki na vitabu vingi vya tenzi, na juu ya kazi za ngui zetu hatuna hata daftari moja katika sanduku la chama hiki.

Ngui, kwa wanachama wetu wasio Wakamba, ni yule kiongozi anayetunga wimbo na kuutoa, wengine wakaitikia. Huyo ndiye kondakta wetu. Hashiki fimbo, lakini akikawia kidogo kuingia, wote hukawia, na akibadili neno moja, wote hulibadili. Tena aliogopwa kuliko wengi walioshika vyeo, kwa sababu jumbe mlafi aliweza kulala salama akaamka amekwisha kuimbwa kijiji kizima. Mwaka wa 1938, serikali ilipouza ng'ombe wa watu kwa nguvu, Wakamba wakaume kwa wake walikwenda Nairobi kudai haki, na Muindi Mbingu alikuwa mbele yao. Habari ya safari hiyo imo katika vitabu. Nyimbo za safari hiyo ziko wapi? Maana siamini ya kuwa Mkamba anaweza kwenda maili arobaini kimya.

Nirudi kwa Sowande. Naijeria ilipopata uhuru mwaka wa 1960 alitunga simfonia, yaani utungo mrefu wa okestra nzima, juu ya tuni za watu wa nchi yake. Ni kazi kubwa, na sifa zake ni za haki. Walakini nina neno juu yake. Okestra ya namna ile inahitaji watu sabini au themanini, kila mmoja na chombo cha thamani na miaka kumi ya kujifunza, na wapigaji hao hawakuwako kwao kwa hesabu hiyo. Zawadi ya uhuru ikawa kama nguo nzuri iliyoshonwa kwa kipimo cha jirani. Silaumu mtungaji, maana mtu huandika kwa kalamu aliyonayo. Lakini chama kinachofikiri kununua tarumbeta kumi na mbili kingefanya vema kuuliza kwanza ni nani atakayezipiga, na ni nani atakayemfundisha huyo.

Baadaye alikuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Ibadan, kisha akaenda Marekani. Tangu mwaka wa 1968 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, halafu Pittsburgh, na mwisho Kent State katika jimbo la Ohio. Huko Ohio ndiko alikofariki mwezi wa Machi 1987. Mwaka huohuo Ukambani ulimpoteza Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers, naye angali kijana wa miaka thelathini na kitu. Siwalinganishi watu hawa wawili, kwa maana mmoja alikuwa na vyeti vya London na mwingine gitaa la benga. Ila jambo moja walishirikiana: kila mmoja alichukua mwendo wa nyumbani akauvusha mipaka kwa njia ya redio na santuri. Kilonzo alijua hata kuimba Kiswahili ili asikike Kisumu na Dar es Salaam.

Sasa nitoke Naijeria nije Kenya, kwa maana tunao mfano wetu, nao ni wa kubembeleza mtoto kama kile kipande cha nne nilichokitaja. Mwaka wa 1963, uhuru ulipokaribia, serikali iliweka kamati ya watu watano kutayarisha wimbo wa taifa. Walikuwa Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa ofisa wa muziki nchini, George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, Thomas Kalume wa pwani ambaye baadaye alikuwa mbunge, Peter Kibukosya, na Washington Omondi ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa muziki wa chuo kikuu. Wote walikuwa watu wa kusoma noti. Wangeweza kukaa chumbani Nairobi wakatunga kitu chenye fahari ya tarumbeta. Badala yake walichagua tuni ambayo akina mama wa Kipokomo kando ya mto Tana huwaimbia watoto wao wapate kulala, nayo waliipata kwa mzee Meza Moroa Galana. Wakaipanga sauti nne, wakaitilia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza, na usiku wa tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilipandishwa kwa wimbo huo.

Angalieni kazi ilivyogawanyika. Mama asiyejua noti alitunga. Mzee alikumbuka. Wasomi waliandika na kupanga. Bendi ikapiga, redio ikatangaza. Kiungo kimoja kingekatika, pasingekuwa na wimbo. Na tukiulizwa majina, tunayo ya wale watano, na la mzee tunalo. La mama hatunalo, kwa sababu hakuna aliyemwuliza alipokuwa hai, kama vile Wakanada walivyofungua redio miaka arobaini na mmoja bila kumwuliza mwenye tuni.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, nimeombwa kusoma hotuba wala si kutoa shauri, lakini nikiwa karani wa vitabu naweza kusema lililo katika uwezo wa vitabu. Redio za Kikamba tunazo, kama Musyi FM na Mbaitu FM, nazo hupokea simu za wasikilizaji kutwa kucha. Vijana wetu wana simu za mkononi zinazonasa sauti vizuri kuliko mashine aliyokuwa nayo Sowande Lagos. Kilichopungua ni mtu wa kwenda, na daftari la kuandika: wimbo huu ni wa nani, ulitungwa wakati gani, uliimbwa kwa sababu gani, ngui alikuwa nani na ametoka ukoo gani, na kama mwenyewe anaruhusu usikiwe hewani. Hilo la ruhusa si dogo. Wako akina mama wa kilumi wenye nyimbo ambazo si za kila sikio, nao wana haki ya kukataa.

Nimefanya hesabu. Bei ya tarumbeta moja ingetosha nauli za vijana wawili kuzunguka Mwala, Kathiani, Kangundo na Masinga kwa miezi mitatu, pamoja na madaftari na sukari ya kuwapelekea wazee, kwa maana hatuwezi kwenda kumwomba mzee wimbo mikono mitupu. Tarumbeta zilizobaki wanachama wanaweza kuzinunua wakipenda. Wala sioni ubaya, kwa sharti la kwamba mwalimu wa kwaya aje na majina ya wapigaji kabla ya kuja na bei.

Hesabu yenyewe nimeiambatanisha na ripoti ya mweka hazina. Katika orodha ya watu wa kutembelewa nimeandika kwanza majina ya akina mama watano waliopita umri wa miaka themanini. Wawili kati yao wanaugua. Naomba Halmashauri iamue jambo hili leo, kabla ya mkutano kufungwa, lisingoje mkutano wa mwaka ujao.